Maziwa Niliyompelekea Mama

Mama yangu alipopungua mwili, watu wote walifurahi isipokuwa mimi. Majirani zake wa Michenzani walimsimamisha ngazini kumwambia kapendeza. Wateja wangu wa Darajani, wanaomjua tangu mimi mdogo, waliingia dukani kutafuta kitambaa cha dera wakaishia kunisimulia namna walivyomwona sokoni, anatembea mwenyewe, hana wa kumshika mkono, na kikapu kabeba. Nilitabasamu, nikasema alhamdulillahi, nikaendelea kupima kitambaa. Moyoni nilikuwa naungua, kwa sababu nilijua kuwa anayesifiwa si mama peke yake. Walikuwa wanamsifu wifi yangu.

Wifi ni mke wa mdogo wangu, mtu wa Uroa, mwembamba, mpole, hana makuu. Angekuwa na kasoro moja tu ya wazi ningelala vizuri zaidi. Nilimtafutia kasoro hiyo tangu siku ya harusi yao sikuipata, na hilo lenyewe nikalihesabu kuwa ni ujanja wake.

Niseme kwanza kuhusu maziwa, maana ugomvi wangu ulianzia hapo. Mume wangu ana ng'ombe wachache shamba, upande wa Kizimbani, na mtu anayewachunga hutuletea maziwa mjini kila asubuhi kwa baiskeli. Baba alipofariki, tulikaa kuzungumza nani atakuwa na mama. Mimi ndiye mtoto wa kike pekee, na nilitaka awe kwangu. Lakini nyumba yetu ya Mji Mkongwe ngazi yake ni ya mbao, nyembamba, imesimama wima, na mama kwa uzito ule na magoti yale asingeweza kuipanda. Akabaki Michenzani na mdogo wangu, katika nyumba ile ile tuliyokulia. Basi nikajipa kazi ya maziwa, ili nisiwe binti wa kuja siku za sikukuu tu.

Niliyachemsha kwa iliki, nikayatia katika kindoo cha chuma chenye mfuniko, nikakata njia ya Darajani hadi kwake. Nilisimama pale pale mlangoni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, namimina kikombe, nasubiri anywe. Nilipenda kumwona akinywa. Akimaliza namwachia yaliyobaki kwa ajili ya chai ya mchana, nachukua kindoo cha jana, nakimbilia dukani kabla jirani yangu wa duka la pili hajaninyang'anya wateja wa asubuhi. Na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, ndani ya kile kindoo cha jana mama alikuwa ametia chochote alichonacho: ndimu, mabungo, kipande cha mkate wa kumimina kilichofungwa vizuri. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi, mimi nikiamini kuwa hakuna mtoto Unguja nzima anayemtunza mama yake kunishinda.

Aliwahi kugusia tumbo. Alisema linajaa, linanguruma, na baada ya chai ya asubuhi hawezi kwenda mbali na nyumba. Nikamwambia hivyo ni vidonda vya tumbo vinaanza, na dawa ya vidonda ni maziwa. Siku ya pili nikaongeza kipimo. Hakugusia tena, nami nikachukulia kwamba dawa imefanya kazi.

Kisha mdogo wangu akaoa. Wifi alikuja na mabegi mawili na mbuzi ya kukunia nazi aliyopewa na bibi yake, na haukupita muda akageuka kuwa ndiye mlango. Nikigonga, anafungua yeye. Mama yuko bafuni, ananiambia. Mama anasali dhuha. Mama kalala kidogo, usiku hakupata usingizi. Ananipokea kindoo kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo sikuweza kuikasirikia, ananirudishia cha jana, na mimi nashuka ngazi sijamwona mama yangu akinywa maziwa yangu. Siku moja nilisikia kicheko cha mama kutoka ndani, kile kicheko chake cha zamani cha kukohoa mwishoni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yuko hai. Aliyekuwa akimchekesha ni huyo mtoto wa watu. Nilishuka ngazi zile nimekasirika kana kwamba nimeibiwa mfukoni.

Mama akaanza kubadilika. Uso ulishuka, yale mafuta ya chini ya kidevu yakaondoka. Aliacha kushika kiuno anapoinuka. Alianza kushuka chini jioni kuzungumza na wenzake kwenye mabaraza, mtu ambaye kwa miaka mwenzake alikuwa dirisha. Nilipomuuliza, siku za Ijumaa nilipopata nafasi ya kukaa naye kidogo, ni kitu gani anatumia, alisema hatumii kitu, anapunguza tu. Nikamuuliza kama maziwa anakunywa.

"Yapo," akasema, akanikaribisha ndizi.

Nikatosheka. Nikajiambia kuwa ni maziwa yangu ndiyo yanayompa nguvu, na wifi anakula sifa za bure. Nilikuwa na ushahidi, au niliudhani ni ushahidi. Kindoo sasa kilikuwa kinarudi na labania. Zile labania za kweli, za maziwa yaliyochemshwa kwa moto mdogo na sukari mpaka yakashikana, zikakatwa vipande vya pembe nne, zikanukia iliki na arki ya waridi kidogo. Mama alikuwa fundi wa labania tulipokuwa watoto, kisha magoti yakamkataza kusimama jikoni. Nilipozionja mara ya kwanza, nyuma ya meza ya duka, machozi yalinilengalenga. Nikasema mama kapona, karudi jikoni, na cha kwanza alichofikiria ni mimi.

Nilizila kila siku. Nilikula mbili kabla sijafungua duka, na nyingine wakati wa joto la mchana wateja wanapopotea. Nilikuwa nawaonjesha niliowapenda, nikiwaambia huu ndio mkono wa mama yangu. Chai yangu nayo ilikuwa ya maziwa matupu, maana kwa mke wa mwenye ng'ombe kunywa chai bila maziwa ni kama kujitangazia umasikini. Madera yangu yakaanza kunibana kifuani na mikononi. Nilimlaumu fundi wangu. Nilimwambia kitambaa cha siku hizi kikifuliwa kinarudi nyuma, naye, maskini, hakubisha, akafumua pembeni akaongeza. Mambo ya tumbo kujaa na kiungulia kila alasiri niliyachukulia ni ya umri.

Yote haya yalikuja kufumuka katika harusi ya binti wa mama yangu mdogo. Tulikuwa upande wa wanawake, tumekaa chini kwenye mazulia, sare zetu za rangi ya zambarau, na mama amekaa katikati kama bibi harusi wa pili. Kila anayepita anainama kumwamkia kisha anauliza siri. Mama hakuwa na siri. Alinyoosha mkono kumwonyesha wifi, aliyekuwa akigawa maji kule mwisho, akasema huyo ndiye aliyemwinua, Mungu amlipe. Aliyasema hayo nikiwa nimekaa ubavuni mwake, goti langu linagusana na lake. Nilikula pilau yangu sikuijua ladha.

Baada ya pilau ikaletwa faluda, ile ya kugandishwa kwa maziwa, imetiwa rangi ya waridi. Nikachukua sahani nzuri kuliko zote, nikampa mama kwa mkono wangu mbele ya watu. Nilitaka waone nani mtoto. Akairudisha taratibu.

"Mimi na maziwa tushaachana, mwanangu. Zamani sasa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana. Wenzake wakaitikia, wao walikuwa wanajua. Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia imepanda, maziwa ninayomletea kila siku ya Mungu anayafanya nini. Mama akatazama mikono yake. Aliyenijibu ni mama yangu mdogo, mwenye harusi, ambaye utani wake haujapata kumsitiri mtu.

"Si yanakurudia mwenyewe? Mkwe wa dada anayachemsha anakutilia labania kwenye kindoo chako. Unakula maziwa yako mwenyewe, hebu tizama hilo dera."

Wanawake walicheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha harusini ambacho kesho mtu keshakisahau, lakini mimi nilikaa pale na sahani ya faluda mkononi, mshono wa kwapani umekaza, nikiangalia upande wa wifi. Yeye hakucheka. Aliweka jagi la maji chini akatoka nje. Hata heshima ya kunicheka hakunipa.

Asubuhi yake nilikwenda Michenzani mapema zaidi, na kindoo changu, nimejaa maneno. Mama alikuwa hajaamka baada ya uchovu wa harusi. Nikamfuata wifi jikoni. Alikuwa kakaa juu ya ile mbuzi yake anakuna nazi, na akataka kuinuka kunipisha, nikamwambia akae. Nilimwuliza kwa nini kanidanganya. Nilimwambia kwamba kanichukulia mama yangu, na sasa anamlisha kwa masharti yake, na mimi ananigeuza jaa la kutupia mabaki. Niliyasema mengi, na mengine sitayarudia hapa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema bila kuinua sauti.

"Wifi, wiki nliyokuja hapa nlikuwa namsikia bafuni kila ukishaondoka. Anaumwa tumbo mpaka jasho linamtoka. Nkamuuliza, akanambia ni maziwa. Nkamwambia amwambie mwanawe. Akasema, 'Ntamwambia lini? Yeye akija keshaondoka.'"

Nazi ilikuwa inaanguka ndani ya sinia. Akaniambia yaliyobaki kidogo kidogo, akinipa mgongo, nadhani ili asinione uso. Walikwenda kwa daktari, yeye na mama. Daktari aliwaeleza kuwa maziwa si sumu, wako watu wanayanywa mpaka uzeeni na hayawafanyi kitu. Lakini kuna sukari ndani ya maziwa ambayo matumbo ya watu wengi wazima hayaiwezi tena, na ikishindwa kusagwa inachacha humo humo, ndiyo hayo mambo ya gesi na maumivu na kukimbilia bafuni. Akamwambia ayaache wiki chache aone. Mama aliyaacha, na maumivu yakamwacha.

Uzito, kumbe, ulifuata wenyewe. Ilipoondoka chai ya maziwa, viliondoka na vijiko vya sukari alivyokuwa akivitia, na mkate wa kupakwa maziwa ya kopo, na samli juu ya chapati, na siagi. Kwao Uroa, wifi alisema, asubuhi walikunywa chai ya mkandaa, ile kavu isiyo na maziwa, yenye tangawizi au mchaichai, pamoja na muhogo au ndizi na samaki wa jana. Basi akampikia mama vivyo hivyo. Hata tui alilitia jepesi, maana alisema tui zito nalo linanenepesha. Kwa ajili ya mifupa alimlisha dagaa wanaoliwa na miiba yao, mchicha, na ufuta aliokaanga kavu akausaga. Mwili ulipokuwa mwepesi magoti yakapumua, na magoti yalipopumua mama akaweza kushuka ngazi, na kutembea kukampunguza zaidi. Kwa kusimuliwa ni jambo dogo kabisa. Mtu yeyote mwenye kukaa na mama yangu kwa saa moja angeligundua.

Na maziwa yangu, alisema, kuyamwaga ni dhambi, na kukirudisha kindoo kitupu ni aibu. Mama ndiye aliyemfundisha labania, yeye akiwa amekaa kwenye kiti anaelekeza.

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilikuwa nawafikiria wao wawili jikoni, mama anaelekeza na mwingine anakoroga, wanacheka. Mimi labania sizijui kupika. Nikiwa msichana mama aliniita mara nyingi nije nijifunze, na daima nilikuwa na pahala pa kwenda. Nilijihisi kama mtu aliyeacha kanga yake ukumbini kisha anarudi kumkuta mwenzake kaivaa, na imempendeza.

Niliacha kunywa maziwa wiki hiyo hiyo. Nisifiche, niliacha kwa ubishi. Nilitaka kuonyesha kuwa hakuna lolote, kwamba mama angepona hata kwa maji ya bomba, na huyu wifi kabahatisha. Nikamwambia mume wangu nina funga zangu za kulipa, asinishughulikie. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma na chai kavu niliiona kama maji ya kuoshea vyombo. Baadaye kile kiungulia cha alasiri hakikuja. Nikakisubiri, hakikuja tena. Tumbo langu, ambalo kila jioni lilikuwa gumu kama ngoma, likalala. Fundi aliniangalia siku moja nilipokwenda kuchukua nguo, akauliza kwa uangalifu mkubwa kama arudishe ule mshono wa pembeni. Nilikasirika barabara yote ya kurudi dukani. Laiti kuacha maziwa kungenidhuru, ningemshinda wifi.

Kwa muda wote huo sikwenda Michenzani asubuhi. Nilimtumia salamu, nilisema duka lina kazi. Ukweli ni kwamba sikujua nitakwenda na nini. Maziwa ndiyo yaliyokuwa mdomo wangu, na miguu yangu, na haki yangu ya kugonga mlango ule kabla ya wengine hawajaamka. Nilijaribu kuwaza kitu kingine cha kubeba. Mkate, kuna anayemwokea. Samaki, kuna kaka zake wifi wanaowaleta kutoka Uroa wakiwa bado wanang'aa. Nilipita sokoni Darajani asubuhi moja, nikasimama mbele ya machungwa, nikashika moja, nikaliweka. Kisha nikaona kwamba miguu inakwenda Michenzani yenyewe na mikono yangu haina kitu.

Sijawahi kupanda ngazi zile nikiwa na woga, isipokuwa siku hiyo. Niligonga. Nilijiandaa kwa wifi, kwa adabu yake na mikono yake miwili, lakini aliyefungua ni mama. Alikuwa amevaa dera lake la nyumbani, limempwaya, na uso wake bila yale mafuta ulikuwa uso wa bibi yangu, na pia, kwa namna ambayo sikuipenda wala sikuichukia, uso wangu. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Akatazama mikono yangu, kushoto na kulia, akatazama na nyuma yangu ngazini.

"Leo umekuja mwenyewe," akasema.

Hakulisema kwa lawama. Alikuwa kama mtu aliyepata habari njema asiyekuwa na hakika nayo. Nilitaka kumwambia kwamba nimekuja kila siku, miaka yote ile, mvua na jua, nimeungua mkono kwa kile kindoo, watu wote wa barabara ile ni mashahidi. Niliikumbuka ile kauli aliyonifikishia wifi jikoni, kwamba nikija nimeshaondoka. Nikavua viatu.

Alinikalisha pale anapokaa mwenyewe, karibu na dirisha. Wifi alitoka jikoni, akaniamkia kana kwamba hatujawahi kugombana, akaleta chai ya mkandaa katika birika na vikombe. Nilivihesabu, vilikuwa viwili. Akasema anakwenda kuanika nguo, kisha ana mtu wa kumwona chini, na mlango akaurudisha taratibu nyuma yake. Hakuwa na beseni wala nguo mkononi. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwa kujua wakati wa kutoka ndani ya chumba, na pengine huo ndio wivu mkubwa kuliko wote niliowahi kumwonea.

Mama alimimina, akanisogezea kikombe. Kule Darajani, duka langu lilikuwa limefungwa na jua limeshapanda, na jirani yangu bila shaka alikuwa anauza. Nikamwambia, mama, hebu niambie lile tumbo lilikuwa linakuuma vipi.

Alinitazama kuona kama nimekaa kweli. Kisha akaanza mbali, tangu mwaka aliofariki baba.